Ya Kuongea na Ya Kusoma

Kusoma, tisini na nne. Kusikiliza, ishirini na tatu.

Niliisoma ile karatasi nikiwa nimesimama, mkoba bado begani. Nikaigeuza kuona kama nyuma kuna maelezo. Hakuna. Nikaigeuza tena. Binti yangu alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, mikono mapajani, ananitazama mdomo kama mtu anayesubiri hukumu.

"Ishirini na tatu," nikasema.

"Nimeona."

"Kwa siku unatazama hizo katuni saa ngapi?"

"Anime, Mama."

"Saa ngapi?"

"Nyingi."

"Kwa miaka mingapi?"

"Minne."

"Miaka minne! Hata kochi letu lingekuwa limeshajua Kijapani. Hii ishirini na tatu umeipataje?"

Baba yake alikuwa mlangoni anavua buti za kazi. Akasema kochi lingepata angalau thelathini. Kitinda, mdogo wake wa miaka saba, akaangua kicheko. Binti yangu naye akacheka kidogo, kisha akaichukua karatasi yake na kuikunja mara nne.

Ana miaka kumi na saba. Nyumbani tunamwita Sensei, yaani mwalimu kwa Kijapani. Jina hilo alipewa na baba yake kwa utani, siku alipoanza kubandika vikaratasi vya herufi za Kijapani kwenye friji, mlango wa choo, kopo la chumvi na mgongo wa Kitinda. Utani ukanata kuliko vikaratasi. Kabla ya hapo alikuwa ameanza gitaa akaliacha, mpira wa pete akauacha, kushona akakuacha sindano ikiwa bado kwenye kitambaa. Kijapani hakukiacha. Alijifunza mwenyewe kwa kutazama na kuandika kwenye madaftari, mpaka mwaka jana nilipomwandikisha darasa la Jumamosi kwenye kituo cha lugha.

Barua ya mwalimu ilikuwa fupi. Sehemu ya kusikiliza inaweza kurudiwa mara moja, baada ya wiki tano. Akipata hamsini, anapanda na wenzake darasa la juu. Asipopata, darasa la juu litafunguliwa tena baada ya miaka miwili. Na Sensei anajua anachotaka: kuwa yule mtu anayeandika maneno chini ya skrini. "Kuna mtu anayaandika, Mama," aliwahi kuniambia. "Ni kazi kabisa. Analipwa." Nilifurahi kusikia mtoto wangu anataka kazi, hata kama ni ya ajabu. Kwa hiyo wiki tano zile nilizichukulia kama zangu.

Mimi napima macho. Nina stashahada ya kazi hiyo, na kwa miaka kumi na moja nimekaa kwenye chumba kimoja cha zahanati nikiwauliza watu herufi za ukutani. Kazi yangu ni kujua mtu anakwama wapi, halafu kumwekea kioo. Sijui kukaa na tatizo. Likikaa, mimi sikai. Jioni ile nilipanga upya kabati la vyombo, nikafuta bomba lililokuwa tayari linang'aa, na nilipofika kwenye kupanga vijiko kwa ukubwa nikawa nimeshapata jibu.

Jibu lilikuwa sebuleni siku zote. Nyumba yetu ina vita, na vita vyenyewe ni hivi: Kitinda anataka anime iliyotiwa sauti ya Kiswahili, inayorushwa kwenye televisheni Jumamosi mchana. Anaiita "ya kuongea". Sensei anataka ya Kijapani chenyewe, yenye maandishi chini, anayoiweka kwenye flashi. Hiyo Kitinda anaiita "ya kusoma", na anaitamka kama anavyotamka kazi za nyumbani. Tamthilia ni ile ile moja: msichana mpishi kwenye treni inayopita chini ya bahari, anawapikia abiria ambao hawakumbuki walikopanda. Hata mimi naipenda kidogo.

"Ya kusoma inakimbia!" Kitinda hulalamika. "Nikifika neno la tatu, wameshapigana, wameshapatana."

"Jifunze kusoma haraka."

"Kwa nini wewe hutaki ya kuongea?"

"Midomo haiendani na maneno."

"Midomo yenyewe ni mistari miwili! Inafunguka, inafunga! Haiendani na chochote!"

Hapo huwa tunacheka, maana mtoto ana hoja. Sensei huwa hacheki. Huondoka sebuleni. Mimi nilichukulia ni maringo ya wapenzi wa anime. Nimesikia wako hivyo dunia nzima. Ukiwatajia ya kuongea wanakuangalia kama umetia sukari kwenye mchuzi.

Basi jibu langu likawa hili: mtoto anasoma, hasikilizi. Kwa miaka minne macho yake yamefanya kazi ya masikio. Kwenye mtihani hakuna maandishi, ndiyo maana amezama. Dawa yake ni kuyaondoa maandishi.

Kesho yake nilitoka kazini na karatasi ngumu nyeusi, ile tunayokatia vibao vya kuzibia jicho moja mtu anapopimwa. Nikakata kipande kirefu, upana wa vidole vinne, nikakibandika kwa tepu chini ya skrini, kuanzia ukingo hadi ukingo. Nilipima kwa rula. Kazi nzuri kabisa.

Sensei alisimama katikati ya sebule.

"Mama, hapana."

"Wiki tano tu."

"Mama, tafadhali."

Si mtoto wa kusema tafadhali. Ningetakiwa kusimama hapo hapo. Lakini nilikuwa na tepu mkononi na nilikuwa na uhakika, na mimi nikiwa na uhakika sisimami.

"Unataka kupanda darasa?"

"Nataka."

"Basi sikiliza."

Siku mbili za mwanzo alikaa mbele ya televisheni, macho kwenye ule mstari mweusi kana kwamba ataona upande wa pili. Sauti aliipandisha mpaka baba yake akapiga kelele kutoka bafuni. Siku ya tatu alikaa dakika kumi. Siku ya tano hakukaa. Alijifungia na madaftari yake, akawa anaandika tu, kurasa na kurasa za herufi nyeusi, safi, zilizonyooka kama zimechapwa. Nilimpelekea chai, nikaona zimwi moja la herufi lenye mistari zaidi ya kumi na tano ameliandika mara arobaini.

"Hiyo ni kusoma tena," nikasema.

Alikuwa ameinama. Hakujibu. Nikaweka kikombe kwa kishindo, akainua uso na kusema, "Ndiyo, Mama."

Hilo ndilo jibu lake la siku zote. Ndiyo, Mama. Haya, Mama. Nakuja, Mama. Nilikuwa najisifu kwa wenzangu kazini kwamba wao watoto wao ni "nini?" na "subiri!", wangu mimi ni ndiyo tu.

Wiki ya pili nikaenda kituo cha lugha kumwona mwalimu wake. Ni mama mfupi mwenye mvi zilizosukwa vizuri, aliishi Japani miaka tisa akarudi na tabia ya kukupokea kitu kwa mikono miwili. Akaipokea hata karatasi ya matokeo hivyo hivyo, ile iliyokunjwa mara nne.

"Mwanao anaandika kunizidi mimi," akasema. "Sioni aibu kulisema. Lakini kuna jambo. Nikigeukia ubao, anakuwa hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Nikiuliza swali nikiwa nimewapa mgongo, wenzake wanajibu, yeye kimya. Nikigeuka nikauliza lile lile, anajibu vizuri kabisa. Nilidhani ni dharau kidogo. Vijana hawa, mama, unawajua."

"Nitazungumza naye."

"Usimgombeze sana."

Nilitoka pale nimekasirika, kwanza na Sensei, halafu na mwalimu, halafu na mwenye pikipiki aliyeegesha njiani. Nikatembea haraka kuliko nilivyohitaji. Ile sentensi ikanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikigeukia ubao, anakuwa hayupo. Nilifika nyumbani nikapika, nikafua soksi ambazo zingeweza kusubiri, na mwiba ukawa bado upo.

Jumamosi mchana nilikuwa napiga pasi nyuma ya kochi. Televisheni ilikuwa kwenye ya kuongea, zamu ya Kitinda. Yeye alikuwa chini kwenye zulia, Sensei kwenye kochi, kimya, kwa sababu nilikuwa nimemwambia akae na mdogo wake angalau saa moja ajionyeshe ni binadamu. Mpishi wa treni alisema kitu kuhusu abiria na supu yake. Kitinda akacheka. Sensei akacheka.

Sikuinua kichwa. Dakika moja baadaye, tena. Kitinda akacheka, Sensei akacheka.

Nikasimamisha pasi. Mara ya tatu nilikuwa natazama. Sensei hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa anamtazama Kitinda, pembeni ya uso wake, na mabega ya mtoto yalipoanza kutikisika ndipo na yeye akafungua mdomo.

Naijua ile namna ya kutazama. Kila wiki naiona. Mzee anakuja kupimwa akiwa na mkewe, mke amekaa pembeni, na mzee kila akiulizwa herufi anamtupia mkewe jicho kwanza. Huwa namtoa mke nje.

Kile kilikuwa Kiswahili. Lugha yake. Lugha niliyomwimbia akiwa tumboni.

"Sensei," nikasema, kwa sauti ya kawaida tu, nikiwa nyuma yake, "nani amemaliza juisi?"

"Si mimi!" Kitinda akaruka na kunigeukia.

Sensei akamwona anageuka. Naye akageuka, tabasamu lipo tayari. "Ndiyo, Mama, nakuja."

Shati la baba yao nililiunguza. Bado lina alama ya pasi mgongoni, analivaa akipaka rangi.

Jioni nikamwambia. Akakataa. "Mtoto anasikia bwana. Juzi tu nimemwita chumbani kwake, akaja."

"Ulimwita ukiwa wapi?"

"Mlangoni."

"Ukifanya nini?"

Akafikiri. "Nikiwasha taa."

Akakaa kwenye ncha ya kitanda na soksi moja mguuni, moja mkononi.

Sasa lazima niseme kuhusu dereva wa lori, kwa sababu bila yeye haya mengine hayaeleweki. Ni hadithi yangu ya mezani, nimeisimulia labda mara ishirini. Dereva alikuja kupimwa ili aongezewe leseni. Alikuwa haoni mbele ya pua yake, ila alikuwa amemtuma mpwawe aje apige picha ubao wetu wa herufi, akaukariri wote. Akakaa kwenye kiti, akajishika kiuno, akausoma kuanzia juu hadi chini kwa madaha kama anahutubia. Hakukosea herufi hata moja. Shida ni kwamba asubuhi ile nilikuwa nimeubadilisha ubao. Hapo huwa wanacheka mpaka wanagonga meza. Nami humalizia kwa kusema mtu anayejificha namna ile ni wa kunyang'anywa leseni na kutembezwa mtaani. Sensei siku zote ndiye aliyekuwa na maswali. Alijuaje ubao uko wapi? Angetazama wapi asikamatwe? Nilidhani anapenda hadithi.

Jumatatu nilimpeleka zahanati. Chumba cha kupima masikio kipo mwisho wa korido yetu, milango mitatu kutoka kwangu. Mwenye chumba tunaitana Jirani.

"Jirani!" akasema. "Miaka kumi na moja unapita mlango huu kama una moto. Leo umeingia. Nani kafa?"

"Nimekuletea binti yangu."

"Mzuri, anafanana na baba yake. Karibu, mwanangu. Kaa hapo. Ukisikia mlio, hata mdogo vipi, nyanyua mkono."

Sensei alikaa bila wasiwasi. Huko njiani alikuwa amenionyesha kadi ya afya ya shule: masikio, sawa, masikio, sawa, masikio, sawa. Kila mwaka. Akavaa vile vipokea sauti vya masikioni, akaweka mikono magotini. Jirani akaanza kubonyeza. Mkono ukapanda. Akabonyeza, ukapanda. Kulia, kushoto, mzito, mwembamba. Haukukosa hata mmoja.

Jirani akanikonyeza. "Huyu anasikia kunizidi mimi. Mpeleke nyumbani umpikie."

Nilitakiwa kupumua. Miguu yangu haikutulia. Nikasogea nikasimama nyuma ya kiti chake, nikainama mpaka macho yangu yakawa usawa wa macho yake, nikatazama anakotazama. Mbele yake kulikuwa na kabati la vifaa lenye mlango wa kioo. Ndani ya kioo, safi kabisa, ulikuwa mkono wa Jirani juu ya kitufe.

"Geuza kiti," nikasema.

"Jirani, nimeshamaliza."

"Geuza kiti kielekee ukutani. Uanze upya."

Sensei alikuwa ananisoma mdomo kwenye kile kioo. Nimempiga mtoto huyu mara mbili maishani, na mara zote mbili hakunitazama vile alivyonitazama pale. Akasimama. Kiti kikageuzwa. Akakaa akielekea ukuta mweupe usio na kitu.

Mlio wa kwanza, mzito, mkono ukapanda. Wa pili, ukapanda taratibu. Baada ya hapo Jirani akawa anabonyeza peke yake. Akaongeza sauti. Akaongeza tena. Ikafika mahali mimi niliyesimama hatua mbili nikawa nausikia ule mlio unavuja kutoka masikioni mwake, mwembamba kama wa mbu, na mkono wa mwanangu ulikuwa umelala pajani, kiganja juu, unasubiri.

Jirani hakutania tena. Aliandika kwa muda mrefu.

Tulikaa kwenye ngazi za nyuma, pale wafagiaji wanapoanika madekio. Nilikaa upande ambao ananiona uso.

"Tangu lini?"

"Ile homa. Darasa la tano."

Siku kumi wodini. Nilikuwa nimelala chini ya kitanda chake. Tulitoka tukashukuru, tukaenda nyumbani.

"Miaka sita! Na kadi ya shule?"

"Nesi anavaa miwani. Mkono wake unaonekana kwenye vioo vya miwani."

Yule nesi namjua. Miwani ile nilimpimia mimi.

"Nani alikufundisha mambo haya?"

Akanitazama kana kwamba namfanyia mzaha. "Wewe. Dereva wa lori. Ulisema kosa lake ni kukariri. Kwa hiyo mimi sikukariri. Nilitazama."

Nikanyoosha dekio moja lililokuwa sawa tu.

"Ulisema watu kama yeye watembezwe mtaani," akaendelea. "Mlicheka wote. Na mimi nilicheka."

"Ni hadithi tu ya mezani."

"Najua."

"Na hii anime yako? Kijapani chote hiki?"

Akachezea uzi wa sketi. "Kwa Kijapani wote mlikuwa kama mimi. Wewe, Baba, Kitinda. Hakuna anayesikia kitu, wote mnasoma. Tulikuwa tunacheka wakati mmoja. Hakuna aliyeniambia nisikilize." Akaukata ule uzi. "Halafu nikaanza kukipenda kweli. Halafu ukabandika kadibodi."

Mimi si mtu wa kulia kwenye ngazi. Nilifungua mkoba kutafuta kitambaa, mkono ukaleta tepu. Tepu ile ile. Nikairudisha ndani haraka, lakini alikuwa ameiona.

"Jirani anasema kuna vifaa," nikasema. "Vya kuvaa sikioni. Vinaweza kufika kabla ya mtihani."

"Sitaki."

"Kwa nini?"

"Ni vya wazee."

"Nusu ya mji huu inatembea na kazi yangu usoni, hakuna anayejificha!"

"Miwani ni ya wenye akili, Mama. Vile ni vya wazee. Sitaki. Nitarudia mtihani hivi hivi."

"Utapata ishirini na tatu."

"Basi."

Nilitaka kumwambia hilo si ombi. Maneno yalishafika mdomoni. Lakini ndiyo hivyo nilivyobandika kadibodi, kwa amri, na rula. Nikafunga mkoba, tukaenda kupanda basi.

Nyumbani jambo la kwanza niliivua ile kadibodi. Tepu iliacha gundi, mstari wa kijivu chini ya skrini ambao mpaka leo haujatoka, na baba yao aliusugua kwa spiriti akatengeneza doa jingine. Siku tatu nyumba ilikuwa kimya. Mimi nilisafisha vitu. Nilitoa mapazia, nikayarudisha. Nilikuwa nikimwona Sensei anakatiza sebuleni, nafungua mdomo, nafunga.

Siku ya nne, tukiwa mezani, Kitinda akasema, "Mama, tuambie ya dereva wa lori."

Baba yao akanikodolea macho. Sensei akashika uma wake, akatazama sahani.

Nikagonga meza ili anitazame. "Hiyo imechakaa," nikasema. "Nina nyingine. Kulikuwa na mama mmoja mpima macho. Ana stashahada, imetundikwa ukutani. Siku moja binti yake akafeli kusikiliza. Yule mama akawaza, akawaza, akapanga vijiko. Akasema, aha! Mtoto hasikii, kwa hiyo nimzibe macho."

Sensei akaweka uma chini.

"Akaenda akachukua rula," nikasema. "Rula! Akapima kabisa, isije ikabaki hata herufi moja ya bahati mbaya."

Kitinda akaanza kucheka. Halafu baba yao, ambaye alijaribu kujizuia akapaliwa na maji yakamtoka puani. Nilikuwa namtazama Sensei. Alikuwa ananitazama mimi, si Kitinda, na kicheko kikamtoka mwenyewe, kibaya, cha kukoroma, hata kabla baba yake hajamaliza kukohoa.

"Huyo mama anyang'anywe leseni," akasema.

"Atembezwe mtaani," nikasema.

Tulipokuwa tunaondoa vyombo akasimama karibu yangu. "Vitafika lini?"

Vilifika siku tisa kabla ya mtihani. Jirani alimvalisha, akarekebisha, akamwambia asitegemee miujiza. Masikio yamesahau mengi, yatajifunza polepole. Sensei akatoka pale ameshika ukuta. Nyumbani akasimama jikoni dakika nzima.

"Friji linalia siku zote hivi?"

"Siku zote."

"Na mifuko? Mifuko ya plastiki? Mnaishije humu?"

Alivivua mara sita siku ile. Mara ya saba akavivaa, akaweka flashi, akakaa kwenye kochi. Sote tukajifanya tuna shughuli sebuleni. Mpishi wa treni akatokea, akashika mwiko, akafungua mdomo. Sensei akaruka.

"Hii ndiyo sauti yake?"

"Ndiyo," Kitinda akasema.

"Inapiga kelele kama filimbi ya mlinzi! Miaka minne nampenda mtu mwenye sauti hii? Mimi nilimpa sauti nzito. Ya utulivu." Alikuwa karibu kulia, kweli kabisa, kama mtu aliyeletewa mgeni akaambiwa ni ndugu yake. "Mbona hamkuniambia?"

Tungemwambia nini? Alivivua, akatazama kipindi chote bila sauti. Kesho yake alikitazama tena navyo. Siku ya nne akakaa na Kitinda kwenye ya kuongea, mwanzo hadi mwisho, uso umekunjwa kama hakimu, na kilipoisha akasimama.

"Ni mbaya," akasema. "Nilikuwa nasema tu. Sasa nimesikia. Ni mbaya kweli."

"Toka hapa!" Kitinda akamrushia mto.

Siku ya mtihani mwalimu alimweka mbele kabisa, karibu na spika. Mlango ukafungwa. Nje kulikuwa na korido na benchi, na benchi sikulitumia. Kutoka mlangoni hadi dirishani ni vigae ishirini na sita. Kurudi ni ishirini na sita vile vile, nilihakikisha. Nilisikia sauti ya Kijapani inatoka ndani, mwanamume, halafu mwanamke, halafu kimya cha kuandika. Hawarudii. Sensei alikuwa ameniambia mwenyewe: wanasema mara moja tu. Nikaweka sikio mlangoni. Mlinzi akaja.

"Mama, kaa basi. Unanichosha mimi."

"Niache nitembee."

"Si unaona unafuta vigae?"

Sensei alitoka baada ya dakika arobaini. Uso haukunipa kitu. Mwalimu alisema matokeo ni wiki mbili. Wiki mbili! Tukatoka nje. Njia ya miguu ilikuwa nyembamba, kuna mtu anachomelea geti, malori yanapita, kwa hiyo yeye akatangulia, mimi nyuma. Nikaona vile vifaa nyuma ya masikio yake, vidogo, rangi ya udongo. Alikuwa amebana nywele juu. Sijui kama aliamua au ni joto tu.

Sikupanga kumpima. Nasema kweli. Ilinitoka tu, kwa sauti ya kawaida, nyuma ya mgongo wake.

"Uliwaelewa?"

Akaendelea kutembea. Hatua moja, mbili. Nikasubiri "ndiyo, Mama". Niliijua inavyokuja, nimeisikia miaka sita. Nikakaza mkoba.

Akasimama katikati ya njia, akageuka. Mtu mwenye mzigo kichwani ikabidi atuzunguke.

"Nini?" akasema. "Sijasikia, Mama. Rudia."

Nikarudia. Nilipaza sauti kushinda lori na mchomeleaji na mtaa mzima, mpaka watu wakageuka kuangalia ni nani anagombezwa.